Tumbo la nyoka mchanga: alama zipi ni maumbile, zipi ni maradhi

Ilikuwa usiku, nimeshakula na nimekaa barazani Kisauni napunga upepo na wenzangu, simu ikalia. Ni picha. Kuifungua naona kitu chembamba kama kidole cha mtoto kimepinduliwa kiganjani: cheupe, na juu ya weupe ule vipande vyeusi vya mraba, kimoja huku kimoja kule, toka shingoni hadi mkiani. Chini yake pameandikwa: "Shikamoo mjomba. Nyoka wangu anaoza tumbo. Madoa yanazidi kuenea kila mwezi. Nifanyeje?"

Aliyeniandikia ni mpwa wangu, mtoto wa dadangu, yuko masomoni Leicester, Uingereza. Wakati huo mamake alikuwa hajui kama mwanawe anafuga nyoka. Mimi niliambiwa kwa siri kwa sababu ya kazi niliyowahi kuifanya: kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa mtunzaji katika bustani moja ya nyoka hapa Pwani, nikiwalisha, nikisafisha vizimba na kuwaeleza wanafunzi na wageni huyu ni nani na yule ni nani. Matumbo ya nyoka nimeyaona mengi, ya walio hai na ya waliokufa.

Rafiki yake wa chuoni alikuwa ameshamwambia kwamba huo ni ugonjwa wa magamba kuoza, na kwamba dawa yake ni kumpaka marhamu ya vidonda. Marhamu ilikuwa ishanunuliwa. Nikamjibu: "Marahaba. Usipake kitu. Niambie ni nyoka wa aina gani, ana miezi mingapi, na kesho nipigie picha mchana karibu na dirisha, si usiku kwa taa."

Kisa hiki nilipokisimulia barazani nilikuta si mpwa wangu peke yake. Vijana wetu walioko ng'ambo kumbe wanafuga viumbe ambao bibi yangu hata kuwataja usiku alikuwa hakubali. Nyoka kwake akiingia giza aliitwa kamba. Basi nimeona niandike kwa urefu kidogo, kwa ajili yao na kwa ajili ya wazazi wanaoletewa picha kama hizi na kukosa la kujibu.

Nyoka wa mpwa wangu ni yule ambaye jina lake la Kizungu maana yake ni nyoka wa mahindi. Wataalamu humwita Pantherophis guttatus. Asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani, Florida na majimbo ya jirani, hadi kufika New Jersey. Hana sumu, panya humkaba kwa kumviringia. Akitoka kwenye yai huwa na sentimita 20 hadi 30 hivi, na akikomaa hupita mita moja. Akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20, jambo ambalo wanaomnunua dukani kwa furaha ya siku moja hawalifikirii. Uingereza kumfuga hakuhitaji leseni, na kwa sababu ni mpole na hamsumbui mtu, ndiye nyoka wa kwanza wa watu wengi.

Kuhusu jina lake kuna kauli mbili. Wapo wasemao ni kwa sababu alikuwa akionekana kwenye maghala ya mahindi akiwafuata panya. Wapo wasemao ni kwa sababu ya tumbo lake, kwamba lile pangilio la vipande vyeupe na vyeusi linafanana na punje za mahindi ya rangi rangi yanayolimwa na wenyeji wa asili wa Marekani. Mimi siwezi kuamua, lakini kauli ya pili inatosha kukuonyesha kwamba madoa yale si ugeni kwake. Kwetu sisi tungesema tumbo lake ni ubao wa drafti. Mgongoni ana rangi ya chungwa na mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi. Ukimpindua, unakuta drafti, na chini ya mkia aghalabu vile vipande huungana vikawa mistari miwili myeusi.

Sasa kwa nini kijana mwenye akili zake aone madoa yanaenea? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na nitapakalia kidogo.

Magamba ya nyoka si ya aina moja. Mgongoni ni madogo, mengi, yamepangwa kwa safu. Tumboni ni mapana, moja tu kutoka ubavu hadi ubavu, moja nyuma ya jingine kama vigae vya paa. Kila gamba pana la tumbo kwa kawaida linalingana na pingili moja ya uti wa mgongo na jozi moja ya mbavu, na kwa magamba hayo ndiyo nyoka hujishikiza ardhini akatambaa. Safu hiyo hufika hadi kwenye tundu la haja. Kutoka hapo ni mkia, na chini ya mkia magamba ya nyoka huyu huwa mawili mawili.

Idadi ya magamba haiongezeki. Nyoka wa mahindi ana magamba ya tumbo zaidi ya mia mbili, na atakayokuwa nayo siku ya kutoka kwenye yai ndiyo atakayozeeka nayo. Anachokua ni gamba lenyewe. Likipanuka, na doa lililo juu yake hupanuka nalo. Chora nukta kwenye puto kabla ya kulipuliza, kisha pulizia: nukta imekuwa kubwa, lakini haijaenea popote, iko pale pale.

Nyoka wa mpwa wangu alinunuliwa akiwa na miezi miwili. Siku ya picha alikuwa na miezi minane na urefu wake umekaribia kuwa mara mbili. Nikamwambia atafute picha aliyompiga siku ya kwanza. Alikuwa nayo; vijana hawa hawakosi picha. Tukaanza kuhesabu kwenye simu, yeye kule mimi huku, kutoka tundu la haja kuelekea kichwani. Doa lililokuwa likimtisha zaidi lilikuwa nusu ya kulia ya gamba la kumi na mbili na la kumi na tatu. Kwenye picha ya zamani: la kumi na mbili na la kumi na tatu, nusu ya kulia. Doa halikusogea hata gamba moja. Aliyekua ni nyoka.

Kwa hivyo ukitaka kujua kama alama inaenea, usipime kwa macho wala kwa rula. Hesabu magamba. Alama ya maumbile itakaa kwenye magamba yale yale maisha yake yote. Alama ya maradhi leo iko kwenye mawili, wiki ijayo iko kwenye manne.

Jambo la pili ni kujivua ngozi. Nyoka mchanga hujivua mara ya kwanza wiki moja hivi baada ya kutoka kwenye yai, halafu kila anapokua, pengine mara moja kwa mwezi au zaidi. Ile ngozi inayotoka ni tabaka la juu tu. Rangi nyingi za nyoka zimo kwenye chembechembe zilizo chini zaidi, ndiyo maana ngozi iliyovuliwa huwa kama karatasi ya nailoni, na mchoro wake ni hafifu kama wino uliopita maji. Basi alama ya maumbile haivuliwi. Nyoka akishatoka kwenye gamba lake, ile drafti huonekana imeng'aa zaidi kuliko jana. Uchafu na madoa ya nje huondoka na ngozi. Nilikuwa na msichana mmoja mwanafunzi aliyekuja pale bustanini akashangaa kwamba ngozi ya chatu haikuwa na rangi ya chatu. Alidhani tumeifua.

Yako mambo mengine manne matano ya tumbo ambayo huwatisha watu bure.

La kwanza ni kitovu. Ndiyo, nyoka ana kitovu. Mtoto akiwa ndani ya yai hula kiini kupitia tumboni, na kabla ya kutoka kiini chote huingia ndani na pale mahali hufunga. Hubaki mstari mdogo kama mpasuko katikati ya magamba machache, sehemu ya nyuma ya tumbo, mbali kidogo mbele ya tundu la haja. Kwa wengi hufifia baada ya kujivua mara chache. Ukiwa umefunga na ni mkavu, ni salama. Ukiwa umevimba, una majimaji au ni mwekundu kwa mtoto wa siku chache, huyo aonwe na daktari.

La pili ni wekundu wa kabla ya kujivua. Siku chache kabla, nyoka hupoteza mng'aro, tumbo huwa la waridi au kama limemwagiwa maziwa, na macho hugeuka rangi ya bluu yenye ukungu, maana nyoka hana kope na jicho lake limefunikwa na gamba linalovuliwa pamoja na ngozi nyingine. Halafu macho husafika, na baada ya siku chache ngozi hutoka. Ukiona tumbo la waridi, tazama macho kwanza. Macho yakiwa na ukungu, subiri, usimshikeshike, na umwekee maji.

Kisha kuna shibe. Nyoka aliyemeza kitoto cha panya hupanuka, magamba yakaachana, na ngozi iliyo baina yao ikaonekana kama michirizi. Baada ya siku mbili tatu hurudi. Na kuna mkojo wa nyoka, ambao si maji bali ni kitu cheupe au cha manjano kama chokaa. Ukimkaukia tumboni huacha madoa ya njano. Kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu hukiondoa. Kinachofutika si maradhi, na mara nyingi ni ukumbusho tu kwamba kizimba kinahitaji kusafishwa.

Umri nao huleta rangi. Mtoto wa nyoka wa mahindi huwa na tumbo jeupe kuliko mzazi wake. Akikua, rangi ya chungwa huteremka kutoka mbavuni, na wengine hupata umanjano chini ya shingo. Na kwa vile wafugaji wamezalisha aina nyingi kwa kuchagua wazazi, wapo wasio na drafti kabisa. Wale wa mistari mirefu mgongoni kwa kawaida matumbo yao ni matupu. Usimlinganishe nyoka wako na wa mwenzako ukadhani mmoja ana kasoro.

Mwingine anayefugwa sana huko ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anayepatikana kuanzia Senegal hadi Uganda na anayesafirishwa kwa maelfu kutoka Togo, Benin na Ghana. Huyo tumbo lake ni la rangi ya krimu, na vijidoa vyeusi vilivyotapakaa bila mpango si ajabu kwake. Kipimo ni kile kile: gamba likiwa laini, kavu, tambarare na limekaa mahali pake, rangi peke yake si ugonjwa.

Basi ugonjwa ukoje? Ukipitisha kidole utaujua kabla ya macho. Gamba lililooza huwa limeinuka ukingoni, au limevimba kama lengelenge lenye maji, au limelainika na kuchubuka. Rangi yake ni ya kahawia au nyekundu, haina ukingo uliokatwa vizuri kama drafti, na likizidi hutoa harufu. Mara nyingi chanzo ni nyoka kulalia unyevu na uchafu siku nyingi. Wekundu uliotapakaa tumboni kama damu imevuja chini ya magamba, na nyoka amelegea, hali chakula, na macho yake hayana ule ukungu wa kujivua, ni hatari kubwa. Pengine maradhi yameingia kwenye damu, na hapo hakuna kusubiri asubuhi mbili. Vitu vyeusi vidogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, ambavyo vinatembea, ni utitiri. Mweke juu ya karatasi nyeupe utaviona.

Hayo yote nilimwandikia mpwa wangu kesho yake, nikiwa nimetulia kwamba mambo yamekwisha. Halafu zikaja picha za mchana.

Picha ya kwanza na ya pili zilikuwa drafti tupu, nzuri kabisa. Ya tatu ilikuwa ya katikati ya mwili. Pale, kwenye gamba nyeupe ambalo halikuwa na doa lolote katika picha ya zamani, kulikuwa na rangi ya kahawia kama karatasi iliyopitiwa na pasi ya moto. Nikamuuliza, "Hapa pana nini?" Akajibu, "Pale mjomba si kitu, ni kijidoa kidogo. Mimi ninaogopa yale meusi."

Nikamwambia apitishe kidole taratibu. Akasema pamekauka, pamekuwa pagumu, na ukingo umeinuka kidogo. Tukahesabu: magamba matatu. Kwenye picha ya zamani yote matatu meupe.

Nyoka hana joto lake mwenyewe, hulitafuta nje. Huko kwenye baridi watu huweka chini ya kizimba mkeka wa umeme wenye joto, na upande wa joto kwa nyoka huyu hutakiwa uwe nyuzi 28 hadi 30 hivi, upande wa pili uwe wa baridi zaidi ili achague. Mkeka ule lazima uunganishwe na kidhibiti kinachoukata umeme joto likifika kiasi. Bila hicho hupanda tu. Na ajabu ya nyoka ni kwamba anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza na asiondoke. Bustanini tuliwahi kumkuta chatu ameungua ubavu mzima kwa taa iliyoteremka usiku, amejiviringa pale pale.

Mkeka wa mpwa wangu ulinunuliwa pamoja na nyoka, na muuzaji hakumwambia kitu kuhusu kidhibiti. Nilimwambia aweke kipima joto chini ya karatasi, mahali hasa tumbo linapogusa, si ukutani. Kikasoma 43. Alinyamaza muda mrefu, nikaona tu ile alama ya kuandika inakuja na kupotea.

"Mjomba, mimi ndiye niliyemuunguza."

Nikamwambia azime mkeka, aweke karatasi safi za jikoni badala ya vumbi la mbao, na asubuhi amchukue kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka, maana si kila daktari wa paka anawajua. Alikwenda. Daktari alimsafisha, akampa dawa ya kupaka iliyo sawa kwa nyoka, na akasema kidonda ni cha juu. Ile marhamu ya binadamu daktari alimkataza. Baadhi ya marhamu hizo zina dawa ya ganzi inayoweza kumdhuru nyoka, na kwa hili nashukuru kwamba aliniandikia kabla ya kufungua kifuniko.

Nililowaza usiku ule ni kwamba macho ya kijana yalikuwa yameshikwa na weusi unaotisha, akapita juu ya ukahawia unaouma. Lau asingetishwa na drafti, asingenitumia picha kabisa.

Mamake alikuja kujua, kwa kuwa gharama ya daktari ililipwa na mtu. Alinipigia simu kwa hasira, kisha akauliza, "Na wewe ulikuwa unajua?" Siku tatu hakuniletea mahamri.

Neno kwa walioko huku nyumbani, kwa sababu barazani kijana mmoja aliniambia naye sasa atamshika mmoja pale shambani kwao Mtwapa. Usithubutu. Kwanza, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS. Pili, haya niliyoyaandika ni ya nyoka ambaye jina lake linajulikana tangu kwenye yai. Nyoka wa kichakani usimtambue kwa tumbo. Ili uone tumbo lake umeshamkaribia kupita kiasi, na hata aliyeonekana amekufa anaweza kuuma. Hapa Pwani tunaye swila mkubwa atemaye sumu, Naja ashei, aliyetambuliwa kama aina mbalimbali mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, yule mzee aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu. Huyo hahitaji hata kukugusa. Ukimwona nyoka nyumbani, watoe watoto, usimpoteze kwa macho ukiwa mbali, na uite wanaojua.

Mpwa wangu alipewa agizo moja: kila baada ya kujivua apige picha ya tumbo na ahesabu yale ya kahawia. Yakifika manne, arudi kwa daktari. Mara ya kwanza ngozi ilitoka vipande vipande pale penye kidonda, akaogopa. Nikamwambia ni kawaida kwa gamba lililoungua. Mara ya pili ilitoka nzima. Wiki iliyopita amejivua mara ya tatu, na ukahawia umepauka umekuwa kama chai ya maziwa. Alituma picha saa nane za usiku kwa saa za kwetu, na safari hii alituma na kwa mamake.

"Mjomba, bado ni matatu."